Pamba ya Maiti

"Mimi nauliza mara ya tatu," Sule alisema. "Nani alikupa ruhusa kufungua sanduku yangu?"

"Na mimi nakujibu mara ya tatu. Pamba imekwenda wapi?"

"Pamba gani?"

"Pamba ya maiti, Baba Ratib. Bunda zima tulinunua kabla ya Ramadhani. Tangu Idi sanduku hili halijatoka nyumbani. Sasa nani amevaa hiyo pamba?"

Sule alisimama mlangoni mwa chumba chetu cha kulala na koti lake la zamani la jeshi, limefungwa vifungo mpaka shingoni, asubuhi ya joto ambayo hata kuku walikuwa wamekimbilia kivuli. Jasho lilimtiririka kwenye mashavu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati, na katika kiganja changu cha kushoto nilikuwa na kitu kingine ambacho bado sikuwa nimekitaja.

Mume wangu ndiye anayeosha maiti wa kiume katika msikiti wetu hapa Koboko. Kabla ya vita alikuwa dereva wa lori la jeshi. Mwaka themanini tulikimbilia Sudan pamoja na watu wote wa upande huu, na kule kambini surua na kipindupindu vilimfundisha kazi hii. Tuliporudi, kazi ilirudi naye. Ndani ya sanduku huweka sanda, kafuri, sabuni, udi na pamba. Mimi huwa siligusi. Asubuhi ile nililifungua kwa sababu nilikuwa nimefua shuka na kukuta vipande vya pamba vyeupe vimeshika kwenye kitambaa. Mimi sikumpa pamba. Nilimshonea vitambaa kumi na viwili vya kuzuia mkojo, vya taulo nene ya soko la Ariwara, vyenye tabaka nne na kamba za kufungia kiunoni. Alivikataa. Alisema vikianikwa kwenye kamba majirani wataviona na kudhani nyumba hii ina msichana mwingine aliyekua.

Basi alikuwa akijiziba kwa pamba ya marehemu. Hilo peke yake ningelimaliza kwa kelele kidogo. Lakini katikati ya bunda, pale pamba ilipobaki, kidole changu kiligusa vitu vigumu.

Nikafungua kiganja.

"Na hivi?"

Sule aliviangalia vidonge vile vidogo vyeupe kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni.

"Nimevihesabu," nikasema. "Arobaini na kimoja. Kila siku unakunywa kimoja. Kila jioni nakuuliza, unaniambia umekunywa. Arobaini na moja, Sule."

"Sauti, Mama Ratib."

"Sauti yangu ni hii hii."

Nitaeleza mara moja. Mwaka uliopita mkojo wa Sule ulifunga. Tukaenda hospitali ya misheni upande wa Arua, daktari mmoja Mlugbara, Enoch Candia, akampasua na kuondoa ile tezi iliyokuwa imeziba njia. Jibu likarudi kwamba ni kansa. Sule akapona kidonda, lakini mkojo haukushika tena. Akikohoa, unatoka. Akiinua jerikeni, unatoka. Halafu akapewa vidonge vya kuinyima kansa chakula chake, na vidonge vikafanya kazi ya pili ambayo hakuna aliyeiomba. Kifua kikaota matiti. Joto likawa linampanda ghafla kutoka tumboni mpaka utosini, hata saa ya baridi. Chumbani tukawa kama kaka na dada. Hilo nalitaja mara moja na kuliacha. Mwisho mguu wa kushoto ukavimba.

Mimi ni mwalimu wa upishi na ushonaji, nina diploma ya chuo, na nina kipimo cha fundi. Kila Ijumaa nilimpima shavu la kila mguu na kuandika kwenye daftari. Kulia inchi kumi na tatu na nusu. Kushoto kumi na sita.

Mwezi wa nne Daktari Candia alipouona ule mguu alikunja uso. Alisema damu inaweza kuganda humo na kupanda kifuani, mtu akafa akiwa anakunywa chai. Alisema iko njia nyingine: kuondoa korodani zote mbili. Chakula cha kansa hutoka huko. Operesheni fupi, siku mbili nyumbani, na vidonge basi. "Mzee, chagua moja," alisema. "Kuacha zote mbili si chaguo. Ukiacha zote, itakwenda kwenye mifupa."

Sule aliinuka kitini, akatoka nje bila kuaga. Njia nzima mpaka Koboko alisema sentensi moja tu: "Bora vidonge."

Na sasa nilikuwa na vidonge mkononi.

Wiki sita mfululizo mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kupungua. Kumi na tano na nusu, halafu kumi na tano. Nilifurahi. Mjinga mimi, niliandika kumi na tano na kupiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Na katika wiki hizo hizo Sule alianza kushika ukuta anapoinuka kwenye mkeka wa kuswalia. Nilidhani ni uzee. Nilimsugua mgongo kwa mafuta.

"Mgongo unauma tangu lini?" nikamwuliza.

"Mgongo gani?"

"Sule!"

"Wiki tatu."

Arobaini na moja kutoa ishirini na moja ni ishirini. Siku ishirini tu bila kidonge, halafu mgongo. Nilijaribu kukumbuka kama daktari alitaja muda. Hakutaja. Alisema tu mifupa.

"Kwa nini?" nikasema. "Niambie kwa nini, halafu nitanyamaza."

"Wewe hapana nyamaza. Miaka ishirini na saba mimi hapana ona wewe unanyamaza."

Alikuwa karibu kucheka. Mimi pia. Ndipo tukasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani.

"Hodi hapa! Wazima? Au mnapigana? Kama mnapigana mimi nasubiri mshindi."

Alikuwa Hamuza, mdogo wake Sule, mrefu kama nguzo, mtu ambaye anaweza kuchekesha watu hata makaburini. Ndiye msaidizi wa Sule katika kuosha. Nilifunga vidonge kwenye ncha ya leso yangu. Hamuza aliingia mpaka sebuleni bila kungoja jibu, na Sule akatoka chumbani kumpokea.

"Kaka, Mzee Loku wa Kuluba amefariki alfajiri. Kuzika ni baada ya alasiri. Wanataka wewe. Mimi niliwaambia wewe utakuja, hata kama safari ile ingine ulikataa."

"Mgongo yangu mbaya."

"Mgongo, mgongo. Na koti hii? Uganda iko na vita ingine, mimi hapana sikia redio?" Akamzunguka, akamgonga kifuani kwa nyuma ya mkono, pale pale koti lilipokaza. "Shemeji, wewe unalisha huyu mutu nini? Angalia kifua! Kama hii nyama iko ya kuuza, mimi nachukua kilo mbili."

Alicheka peke yake.

"Hamuza," nikasema.

"Shemeji, mimi nacheza na kaka yangu. Basi, kama mgongo iko mbaya, pumzika. Lakini usiogope, kaka. Siku yako ikifika mimi na Ratib tutakuosha vizuri. Mimi kwa kichwa, mtoto kwa miguu. Hata nyuma ya masikio. Utakwenda unang'aa."

Nilikuwa namtazama Sule, siyo Hamuza. Mkono wake ulipanda ukashika ukosi wa koti, ukaubana. Uso wake sikuwahi kuuona vile, hata siku daktari alipotamka kansa. Siku ile ya kansa alikuwa ametulia tu kama anasikiliza bei ya saruji. Sasa alikuwa mtu anayevuliwa nguo.

Hapo nikaelewa. Miezi minane nilikuwa nimelala kando yake, nimepima mguu, nimeshona taulo, na nilikuwa sijaelewa.

"Hamuza, chai iko kwenye chupa, kikombe kiko barazani," nikasema. "Kanywe. Kaka yako anakuja."

Nikamrudisha Sule chumbani, nikafunga mlango kwa komeo.

"Unaogopa kuoshwa," nikasema.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda taratibu, mkono mmoja kiunoni. Jasho lilikuwa limeacha kutoka. Sasa alitetemeka kidogo, kama kawaida joto lile linapoondoka.

"Wewe hujui," alisema. "Mimi najua. Maiti hapana siri. Unavua nguo, unafunika hapa na kitambaa, lakini mkono inaingia chini ya kitambaa, mkono inajua. Kule kambini niliosha mutu moja, sitasema jina. Alikuwa na kitu kwa mwili yake. Mpaka leo mimi nikiona mtoto yake sokoni, nakumbuka ile kitu."

"Ulimwambia mtu?"

"Haramu. Mwoshaji hapana sema."

"Basi na wengine hawatasema."

"Hamuza?"

Kupitia dirisha tukamsikia Hamuza barazani akimsalimia jirani yetu Rosa Kiden aliyekuwa anapita na maji. "Dada, nimewaambia hapa nataka kilo mbili za nyama…"

Sule alinitazama.

"Na Ratib," akaendelea. "Mtoto yangu. Atashika miguu. Ataona huku juu baba yake iko kama mama yake. Sasa daktari anataka akate na huku chini. Mtoto ataweka mkono, hapana kitu. Hii ndiyo atabaki nayo? Mimi nilimfundisha kuendesha lori."

"Kwa hiyo ukaacha vidonge."

"Nilitaka kifua irudi kwanza. Halafu ikija kuniua, iniue. Lakini kifua ikuwe imerudi."

"Kifua hakirudi. Daktari alisema mbele yako. Kikishaota, kimeota."

"Mimi nilisema labda."

"Labda!" Nilisikia sauti yangu inapanda, nikaishusha. "Yaani unataka kufa haraka ili uwe maiti mzuri."

Aliinamisha kichwa. Nilijua nimemwumiza na sikujuta, kwa sababu sentensi ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa na hofu ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Nikimlazimisha kumeza kidonge sasa hivi, damu ingeganda mguuni. Nikimwacha, mifupa. Nikimpeleka Arua kwa nguvu, angetoka tena kitini na kuondoka. Dawa haikuwa inashindana na ukaidi. Ilikuwa inashindana na mikono ya Hamuza.

"Nitakuosha mimi," nikasema.

"Nini?"

"Ukifa, mimi nitakuosha. Siyo Hamuza, siyo Ratib. Wao watachota maji."

"Mwanamke hapana osha mwanaume."

"Mke anamwosha mume wake. Unamkumbuka Hajara."

Alimkumbuka, niliona. Kambini, mwaka themanini na mbili, mume wa Hajara alikufa kwa kipindupindu. Hajara ndiye aliyeingia kumwosha nyuma ya uzio wa mikeka, na Sule alisimama nje akipitisha ndoo chini ya mkeka na kumwelekeza: anza kulia, sasa kushoto, sasa kafuri. Miaka kumi na moja hii amekuwa akisimulia habari ile, kila mara kama mfano wa siku mbaya za kule, siku ambazo wanaume walikwisha mpaka mwanamke akashika kazi ya wanaume.

"Ile ilikuwa shida," alisema. "Watu hapana. Sheikh alifungua njia kwa sababu ya shida."

"Watu walikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Mzima?"

"Mzima."

"Mikono miwili?"

Aliitazama mikono yake.

"Kwa nini sheikh hakukutuma wewe ndani, mwoshaji mzima mwenye mikono miwili, akamtuma mjane?"

"Mimi hapana uliza. Walinipa ndoo."

"Mimi nilikuwa na Hajara kwenye hema. Nilimshika mkono alipokwenda kwa sheikh. Alisema, mume wangu kipindupindu kimemchafua, sitaki wanaume wamwone hivi, nataka kumwosha mwenyewe. Sheikh akamwambia, ni haki yako, nenda. Hakusema neno la shida. Hakuhesabu wanaume. Wewe ndiye uliyetia shida katika habari ile, kwa sababu ulisimama nje na hukusikia."

Nje Hamuza alikuwa anakoroga chai. Nilisikia kitanda kikilia kila Sule alipovuta pumzi.

"Wewe utaweza?" aliuliza mwishoni.

"Nafua shuka zako kila siku. Nitashindwa na wewe?"

"Siyo mchezo. Maiti mzito."

"Najua uzito wako."

"Na kama wewe utatangulia?"

"Basi utatafuta mpango mwingine. Lakini mimi mgongo wangu hauumi." Halafu, kwa kuwa nami ni mtu, nikamwaga yote. "Sule, sijui siku hizi arobaini na moja zimefanya nini huko ndani. Hakuna anayejua. Labda ni mgongo tu wa mtu mzee. Labda tumeshachelewa. Leo ni Jumatano. Candia anapasua Alhamisi. Lori la Anguyo la tumbaku linaondoka sokoni saa nne. Nikikaa hapa mpaka wiki ijayo nikikupima mguu kila Ijumaa, nitakuwa kichaa."

Aliufuta uso kwa ukosi wa koti.

"Kwanza Hamuza," alisema. "Hii lazima asikie kwa mdomo yangu. Mimi nikifa bila kusema, atakusukuma mlangoni. Atasema wewe mwanamke umechanganyikiwa. Na watu watakubali."

Alisema kweli. Nilikuwa sijafikiria hilo.

Alifungua komeo mwenyewe. Hamuza alianza kuinuka, kikombe mkononi.

"Kaa," Sule alimwambia. "Sikiliza, usijibu. Siku yangu, mimi ninaoshwa na mke yangu, Mariam Poni. Yeye peke yake ndani. Wewe utachota maji. Ratib atashika pazia. Nikisharudi nitasema hii kwa imamu mbele yako."

Hamuza alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, akangoja mmoja wetu acheke.

"Kaka, mimi ndugu yako. Tumbo moja. Mimi nilikosa nini?"

"Mdomo."

"Maneno ya kilo mbili? Hiyo ilikuwa mchezo!"

"Kwako." Sule aliingia ndani, akatoka na sanduku la bati, akaliweka miguuni pa Hamuza. "Nenda kwa Mzee Loku. Sanda iko, kafuri iko, sabuni iko. Pamba nunua njiani."

"Pamba imekwisha? Hapana mutu amekufa!"

Sule alinitazama. Nilidhani angesema panya, au unyevu, au mimi.

"Mimi nimevaa," alisema.

Hamuza alifungua mdomo. Macho yake yalishuka kwenye koti, yakashuka tena mpaka kwenye suruali, yakasimama hapo, na nikaona maana ikimwingia polepole, pamoja na ule mgongo, na safari zile alizokataliwa, na ile nyama ya kilo mbili. Aliweka kikombe chini. Kisha akaliinua sanduku, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akashindwa kufunga fundo mara mbili.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza bila kutugeukia.

"Arua," nikasema. "Mwambie Ratib apeleke barua yangu shuleni. Iko juu ya meza."

Barua haikuwa juu ya meza. Niliiandika wakati Hamuza bado anahangaika na fundo, mistari mitatu kwa mwalimu mkuu, kwamba nina mgonjwa na darasa la nne lina somo la mikono ya shati. Nikatia kwenye mfuko vitambaa vyote kumi na viwili vya taulo, kanzu mbili, chupa ya chai, daftari langu na kipimo cha fundi. Vidonge niliviacha vimefungwa kwenye leso. Nilitaka Candia avione na avihesabu mwenyewe. Sule alirudi chumbani, akatoka amevaa kitambaa cha taulo chini ya suruali. Hakusema, lakini niliona jinsi alivyotembea.

Tulikwenda sokoni polepole. Kila hatua nilisikiliza mguu wa kushoto. Watu walimsalimia na yeye akawaitikia, akisimama mara mbili kana kwamba anataka kuuliza bei ya muhogo, na mara zote mbili mkono wake ulikuwa kiunoni. Lori lilikuwa limeshajaa robota za tumbaku na akina mama wamekaa juu. Anguyo mwenyewe, mwenye lori, alipomwona Sule alimfungulia mlango wa mbele, kwa heshima ya udereva wa zamani.

"Mzee, njoo hapa na mama. Kiti safi, kitambaa mpya nimeweka juzi."

Kiti kama hicho nacho kilituzuia nyumbani tangu mwezi wa nne, kwa hofu ya kukilowesha. Sule alikitazama. Kitambaa kilikuwa chekundu, bado kina harufu ya dukani. Nilishika mfuko tayari kusema uongo wowote uliohitajika, kwamba mimi nina kichefuchefu, kwamba tunapenda upepo wa juu.

"Anguyo," Sule alisema, na akina mama juu ya tumbaku walikuwa wanasikia. "Weka gunia kwa kiti. Mimi mgonjwa. Navuja mkojo."

Anguyo alisita kidogo tu. Akavuta gunia tupu kutoka nyuma ya kiti, akalikunja mara mbili, akalitandika. Sule akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili, akajivuta juu akiuma meno, akakaa. Akavua lile koti la jeshi, akanipa nilikunje mapajani.

"Twende," alimwambia Anguyo, na lori likaondoka.